SERIKALI MBILI, BARABARA MOJA

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima: Somo la Uraia

Kila mmoja awe na kalamu na daftari, maana leo tutafanya na hesabu kidogo.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hata hivyo ziko nchi ambamo serikali mbili hukaa pamoja, na kila raia huwa chini ya zote mbili kwa wakati mmoja. Nchi ya namna hii huitwa shirikisho. Leo tutaitazama moja, nayo ni Marekani, tupate kujua serikali hizo hupangaje mambo ya watu, na ni nani anayelipa.

Marekani ina majimbo 50. Kila jimbo lina gavana wake, bunge lake, mahakama zake na kodi zake. Tena iko serikali ya shirikisho, makao yake Washington, yenye rais na bunge liitwalo Kongresi. Katiba yao iliandikwa mwaka 1787. Imeipa serikali ya shirikisho kazi maalumu, kama jeshi, sarafu, na biashara kati ya jimbo na jimbo. Mwaka 1791 iliongezwa ibara isemayo kwamba madaraka ambayo shirikisho halikupewa, na majimbo hayakukatazwa, ni ya majimbo au ya wananchi wenyewe. Ndiyo sababu shule, polisi na barabara kwa sehemu kubwa ni kazi za majimbo na miji yake.

Sasa tuuangalie mfuko. Karibu majimbo yote yana sheria ya kusawazisha bajeti, yaani jimbo lisipange kutumia zaidi ya linachopata. Serikali ya shirikisho haifungwi hivyo. Hukusanya kodi nchi nzima, na ikipungukiwa hukopa. Basi mwenye kazi nyingi ana mfuko mdogo, na mwenye mfuko mkubwa hana mamlaka juu ya kazi zote. Hapo ndipo hutokea ruzuku. Ruzuku ni fedha ambazo serikali moja huipa nyingine ili ifanye kazi fulani.

Tuchukue mfano wa barabara. Katika miaka ya 1950 Rais Dwight Eisenhower alitaka barabara kuu ziunganishe nchi yote. Mwaka 1955 mswada ulishindwa katika Kongresi. Watu wengi walizitaka barabara. Ubishi ulikuwa juu ya nani alipe. Wengine walisema serikali ikope. Wengine walisema kodi iongezwe kwa wenye magari. Wenye malori hawakuipenda kodi hiyo.

Mwaka 1956 walipatana, na rais akatia sahihi. Sheria ilipanga maili 41,000 za barabara. Kodi ya petroli iliongezwa kutoka senti 2 hata senti 3 kwa galoni, na fedha zikawekwa katika mfuko wa barabara. Gharama iligawanywa hivi: katika kila dola 10, Washington ilitoa dola 9, na jimbo dola 1. Lakini Washington haikuzijenga. Jimbo lilinunua ardhi, likatoa kandarasi, likasimamia kazi. Jimbo lililipa kwanza, kisha likapeleka hesabu na kurudishiwa sehemu ya Washington. Barabara ilipokwisha, ikawa mali ya jimbo.

Andikeni katika daftari: jimbo likijenga barabara ya dola 500, litatoa dola ngapi lenyewe? Dola 50 tu. Ni gavana gani atakayekataa?

Lakini wahenga walisema pia, mtumai cha nduguye hufa maskini. Anayekupa fedha aweza kukupa na masharti. Sikilizeni yaliyotokea baadaye.

Miaka ya 1980 umri wa kununua pombe haukuwa mmoja katika majimbo yote. Vijana walivuka mpaka kwenda kunywa katika jimbo la jirani, kisha wakarudi usiku wakiendesha gari hali wamelewa. Wengi walikufa njiani, wakaua na wengine. Wazazi walidai sheria moja ya nchi nzima. Lakini tangu mwaka 1933 Katiba imeyapa majimbo madaraka makubwa juu ya pombe. Kongresi ingefanya nini?

Ilitumia mfuko. Sheria ya mwaka 1984 haikuliamuru jimbo lolote. Ilisema tu kwamba jimbo linaloruhusu mtu wa chini ya miaka 21 kununua pombe litanyimwa sehemu ya fedha zake za barabara: kwanza sehemu 5 katika mia, kisha 10. Jimbo la South Dakota, lililowaruhusu vijana wa miaka 19 kununua bia isiyo kali, lilikwenda mahakamani. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema sheria ni halali, kwa kuwa sharti lilikuwa wazi, lilihusu usalama wa barabara, na fedha zenyewe zilikuwa kidogo. Jimbo lingeweza kukataa. Kufika mwaka 1988 majimbo yote yalikuwa yameweka miaka 21.

Je, sharti lolote ni halali? Hapana. Mwaka 2010 Kongresi ilitaka majimbo yaongeze watu katika mpango wa matibabu kwa watu wenye kipato kidogo, uitwao Medicaid, ulioanzishwa mwaka 1965 na kulipiwa na serikali zote mbili. Jimbo likikataa, lingeweza kupoteza fedha zote za mpango huo, hata zile za zamani. Mwaka 2012 Mahakama ilisema huko si kumwomba mtu bali kumkaba koo. Jimbo likikataa, linyimwe fedha mpya tu. Basi mengine yakakubali, mengine yakakataa. Ikawa mtu maskini wa jimbo hili anatibiwa kwa mpango huo, na mwenziwe wa ng'ambo ya mpaka, mwenye kipato kile kile, hatibiwi.

Mnaona, basi, neno dogo la bajeti linavyofika hata kitandani kwa mgonjwa.

Jambo hili si la Marekani peke yake. Kenya si shirikisho, lakini katiba yake ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47. Kaunti hugawiwa mapato ya taifa yasiyopungua sehemu 15 katika mia. Tena Serikali ya Taifa yaweza kuzipa fedha nyingine, zenye masharti au zisizo na masharti.

Kwa hiyo ukiona daraja limevunjika au zahanati haina dawa, usiridhike kusema, "Serikali haifanyi kitu." Uliza mambo matatu. Kazi hii ni ya serikali ipi? Fedha zinatoka mfuko gani? Zimekuja na sharti gani? Mwenye kujua hayo hujua mlango wa kubisha. Asiyejua atatumwa huku na huku, kila ofisi ikiitaja nyingine.

MANENO YA KUKUMBUKA
Shirikisho: nchi moja yenye serikali kuu na serikali za majimbo.
Ruzuku: fedha ambazo serikali moja huipa nyingine kwa kazi fulani.
Mswada: maandishi ya sheria kabla haijapitishwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Barabara ya mwaka 1956 ilijengwa na nani, na ililipiwa na nani?
2. Kwa nini Mahakama ilikubali sharti la mwaka 1984, ikakataa lile la Medicaid?
3. Tajeni kazi moja ya serikali iliyo karibu nanyi. Nani anailipia, na mtamwuliza nani?