Usiku Ambao Hatukulala
(Hotuba ya kamati katika kumbukumbu ya tarehe 15 Desemba)



Leo tunakumbuka tarehe 15 Desemba 2013, siku vita vilipoanza Juba. Lakini tunaomba ruhusa tuseme kwanza juu ya usiku wa karibu zaidi, ule wa tarehe 26 Machi 2025. Redio ilitangaza kwamba Dk. Riek Machar, Makamu wa Kwanza wa Rais, amewekwa kizuizini nyumbani kwake Juba. Usiku ule hatukulala. Mama mmoja alifunga sufuria na blanketi. Alipoulizwa anakwenda wapi alijibu, "Sijui. Lakini mara mbili nimekimbia mikono mitupu."

Hofu ile haikuwa ya bure. Tarehe 8 Julai 2016 Rais Salva Kiir na Dk. Machar walikuwa pamoja ikulu, huku walinzi wao wakipigana nje. Haikupita miezi mingi, Yei, Morobo na Kajo-Keji zikabaki karibu tupu. Kambi ya Bidibidi ilifunguliwa Agosti 2016, na Imvepi Februari 2017. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi zenyewe ndizo sisi.

Hata hivyo, kulipokucha tuliona jambo lililotutisha kuliko redio. Kwenye pampu ya maji madumu yalikuwa yamepangwa mistari miwili, kila kabila upande wake. Hakuna aliyeamuru. Majirani waliochota pamoja kwa miaka walisimama kimya. Sisi wanakamati tulikosa la kusema. Ndipo wazee wawili, mmoja wa kila upande, walipoinua madumu yao, wakabadilishana nafasi. Wengine wakafuata, na mstari ukawa mmoja.

Tukiri pia kosa letu. Baadhi yetu usiku ule tulipeleka kwa simu habari ambazo hatukuzihakikisha. Tunaomba radhi.

Mwezi Septemba 2025 Dk. Machar alishtakiwa kwa uhaini na mauaji. Uamuzi wa kesi hiyo hauko mikononi mwetu. Pampu iko mikononi mwetu.

Kwa hiyo tunawaomba vijana: anayewaita mrudi kushika bunduki, mwulizeni kwanza watoto wake wanasoma wapi. Kwenu wafanyakazi wa mashirika tunasema kwa adabu: mwezi Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani lilikosa fedha, likasitisha msaada kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda. Kijana mwenye njaa huitwa kwa urahisi. Mkiandika taarifa zenu, liandikeni na hili.

Kwa wenyeji wetu tuna shukrani moja kubwa. Baada ya mwaka 1979 wengi wenu mlikimbilia Sudan na Zaire, mkalala kwetu kama tunavyolala kwenu leo. Mlirudi, mkajenga, mkapanda mihogo na tumbaku. Tukiwatazama tunajua kwamba safari ya mkimbizi ina marejeo.

Usiku mwingine wa namna ile ukija, tusikae kila mtu peke yake na redio yake. Tukae pamoja, na asubuhi twende kuchota maji kwa mstari mmoja.