Amani ya Wenyeji na Makampuni katika Nchi ya Kilosa na Mikumi



Katika furaha ya yubilei hii yafaa tutazame jinsi mali inavyoingia katika nchi yetu, na jinsi ya kuipokea kwa amani. Biashara inakuja, twaiona. Reli mpya ya umeme imepita Kilosa, na tangu mwaka 2024 treni zake huenda kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Mikumi, penye hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964, hupokea wasafiri na watalii. Na kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Kidatu, wakulima wetu hupeleka miwa yao kiwandani Ruembe. Hayo ni mema, nasi hatuyakatai.

Lakini nchi hii yaijua kampuni tangu zamani. Tarehe 29 Novemba 1884 Carl Peters alifika Msowero, akamwekea Chifu Mangungo karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Chifu alitia alama yake kwa urafiki. Karatasi ikasema ametoa nchi yake pamoja na haki zake. Kwa nguvu ya karatasi za namna hiyo, tarehe 27 Februari 1885 wenzake Peters walipewa hati ya Kaisari. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya mkonge, na ardhi nzuri ya mabondeni ikawekewa mipaka ya wengine.

Tusiseme hayo ni ya kale tu. Ardhi inapobana, majirani hugeukiana. Mwezi wa Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji.

Basi upatanisho ni nini? Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha kwa mabaya ya wakati wa Maji Maji. Ni neno jema. Lakini twafundisha watoto wetu ya kuwa mwenye kutubu hutaja kosa, hurudisha alichochukua, na hubadili mwenendo. Kampuni nayo ipimwe kwa kipimo hicho. Shamba lililotelekezwa likawa pori, lirudi kwa wanakijiji. Na hati kadhaa za mashamba hayo serikali imekwisha kuzifuta. Mizani ya miwa iwe wazi machoni pa mkulima. Fidia ikubaliwe kabla ardhi haijaondoka.

Sheria yatusaidia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka mkutano wa kijiji uelezwe kabla ardhi yake haijahamishwa. Na eneo lisilozidi hekta 250, mkutano wenyewe waweza kukubali au kukataa. Lakini sheria haimfai asiyeijua.

Kwa hiyo, walimu, twawaomba ninyi hasa. Wafundisheni watu wazima kusoma mkataba: miaka yake, mipaka yake katika ramani, na hesabu ya malipo. Kabla dole gumba halijagusa wino, karatasi isomwe kwa sauti mkutanoni, kwa Kiswahili, tena mara mbili. Mangungo hakukosa akili. Alikosa msomaji wa upande wake. Kijiji chenye msomaji hupatana na kampuni kama mtu na mwenziwe. Kisicho naye husamehe leo, na kesho hunyang'anywa tena.

Amani ikae nanyi.