Mzigo Tunaoukokota

Tusikiapo neno jangwa, twawaza joto tu. Lakini kaskazini mwa Arizona, nchini Marekani, barabara kuu namba 40 hukata nyanda kame na kupanda hadi Flagstaff, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko majira ya baridi huleta theluji, barafu na upepo mkali wa ubavuni.

Msafiri akokotaye trela la kulala aweza kuangamia huko kwa kosa alilolitenda nyumbani: kurundika vitu vizito nyuma ya magurudumu ya trela. Upepo ukivuma, trela huyumba na kuliburuta gari. Mwenye busara hakanyagi breki kwa hofu. Hupunguza mwendo taratibu, na upepo ukizidi, hutua mahali salama.

Nasi twakokota chuki za zamani na madeni ya siri. Dhoruba haiyaumbi, huyafichua tu. Tena hatusafiri peke yetu: watoto wetu wamo garini.

Basi tuupange upya mzigo mbele ya Mungu, leo kungali shwari. Nawe uliyekwisha kukutwa na dhoruba, si aibu kusimama. Amina.