Nyaraka za Nyumbani Ziwe Mahali Pamoja

Msikilizaji wetu wa Ujiji, Kibirizi na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika, leo tuzungumzie nyaraka za nyumbani.

Cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA. Kitambulisho cha taifa hutolewa na NIDA. Nasi tunaoishi mpakani tunaweza kuombwa hata vyeti vya wazazi. Ukiambiwa uvilete kesho asubuhi, utavipata?

Tenga mahali pamoja. Nunua mafaili matatu. La kwanza, vyeti na vitambulisho vya familia. La pili, nyumba na kiwanja: hati, mkataba wa mauziano, risiti za kodi. La tatu, biashara: leseni na risiti. Kila faili liandike jina kwa herufi kubwa.

Usiyaweke mvunguni. Mchwa hupanda kutoka chini, na maji yakiingia ndani huanzia sakafuni. Yaweke juu ya kabati, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Toa nakala, umwachie ndugu unayemwamini, anayeishi nyumba nyingine. Waraka ukipotea, toa taarifa polisi mapema.

Tunarudia: mahali pamoja, mafaili matatu, mbali na sakafu. Anza leo jioni, na mwenzako naye umwoneshe yalipo.