Fizible si ya kuchezea
Maneno tuliyosema ku mkutano wa chama, Kamina

Leo hatusemi juu ya mbegu. Tunasema juu ya atelye yetu ya kutengeneza ampli, kwa sababu neno limetembea mu mtaa na linatugusa sisi wote tuliorudi.

Kazi munaijua. Ampli za gitare za zamani, zile za lampe, zingali mu makorali na mu vikundi vya muziki. Nyingi zinafika na ugonjwa mmoja: zinanguruma. Mara mingi ni kondensateri zimekauka kwa uzee. Vijana wanazitoa, wanasude zingine, sauti inarudi.

Sasa, kiliya mmoja alileta yake siku ya tano, akaitaka kwa ibada ya siku ya Mungu. Fizible, ile kawaya kadogo ndani ya kakioo, ilikuwa imekatika. Tukaweka mpya, ikakatika tena. Akasema: "Muweke waya tu, musinicheleweshe. Ao nyinyi wakimbizi hamujui kazi?" Tukasikia haya, tukaweka waya. Siku ya Mungu, katikati ya wimbo, moshi. Transfo imeungua. Ya namna ile haipatikani hapa, paka kutuma mtu Lubumbashi. Tena ikasemwa kwamba tumeiba vyombo vya ndani.

Bandugu, hatukuiba kitu. Lakini kosa ni letu. Fizible ikikatika mara mbili, inaonya kwamba ndani umeme unapita mahali pabaya. Sisi wa shirika tulikuwako, na hatukukataza.

Kwa hiyo tumepatana na vijana hivi:

Moja, ampli inafunguliwa mbele ya mwenyewe. Tunaandika mu kaye lampe na transfo zilizomo, yeye anatia sahihi.

Mbili, bei na siku ya kuchukua vinasemwa kisha kupima, si mbele.

Tatu, fizible ni ya kipimo kilichoandikwa nyuma ya ampli. Waya hapana, hata aje mkubwa gani.

Ine, hakuna haraka. Hata ukiitoa ku umeme, kondensateri zinaweza kuchunga volti 300 na kupita. Mbele ya kutia mkono tunazimaliza nguvu na rezistansi, kisha tunapima. Mtoto wa mtu asikufe juu ya wimbo wa siku ya Mungu.

Na kiliya mkali? Tumpe kiti, tumuonyeshe kile kilichoharibika, tumwambie "hapana" kwa heshima. Akitaka kupeleka kwingine, apeleke, na karatasi yetu mkononi.

Ile transfo, chama kitailipa. Inauma, tunajua: ni franka za mahindi yenu. Lakini tulikimbia, tukarudi, na jirani anatutazama bado. Tunaomba kila nyumba ilete mchango wake mbele ya mwezi kuisha. Kaye itakuwa juu ya meza, kila mtu asome.