Mizani ya korosho na saa ya mwanariadha



Mkulima wa Masasi au Newala anajua moyo unavyodunda siku ya kupeleka korosho chama cha msingi. Amepalilia, amepulizia salfa, ameokota. Sasa anangoja mizani na kauli ya mtu mmoja: daraja la kwanza, au la pili. Mizani haiulizi kama aliuguliwa na mtoto wakati wa palizi. Hata hivyo haikatai. Anachokichukia ni kangomba, yaani kuuza kwa bakuli, kipimo kinachompunja jasho lake.

Mwanariadha wa kulipwa naye ana mizani yake: saa. Ndiyo inayoamua ataalikwa mbio zipi na atalipwa nini. Mwaka 1988, mjini Boston, Marekani, Juma Ikangaa wetu alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 44. Ibrahim Hussein wa Kenya alimtangulia kwa sekunde moja tu! Mwaka 1989 Ikangaa akawa wa pili tena palepale. Je, alikuwa amekwisha? Mwaka huohuo alishinda New York na kuvunja rekodi ya mbio hizo.

Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenga ni sehemu 3 za mia za sekunde. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini kama Simbu ndiye angezidiwa kwa kiasi hicho, tungesemaje? Wangapi wangemwita mzembe?

Saa haina kosa. Kinachovunja moyo ni maneno yetu baada ya kuisoma. Kumpima mtu mzima kwa tarakimu moja ni kangomba ya michezo. Na anayekimbia huku akiogopa kuaibishwa hukaza mwili, akachoka mapema.

Enyi makocha na walimu wa michezo, msimtangazie kijana muda wake mbele ya wenzake kama hukumu. Mwiteni kando. Mlinganisheni na muda wake wa mwezi uliopita. Mwulizeni amekula nini, amelalaje, amekimbilia wapi. Anayepanda mlima kutoka Masasi kwenda Newala hawezi kupimwa kwa muda wa anayekimbia uwanja tambarare.

Tupime, lakini kwa haki. Kwaherini.