Gredi ya Saba Ndani ya Ua wa Msingi

Tangu mapema 2023, Kenya ilipoanza kuwasomesha wanafunzi wa Gredi ya 7 katika shule za msingi, wazazi hawajaafikiana kama ngazi hii ni sekondari kweli au ni darasa la saba lililobadilishwa sare.

Wapo walioridhika, na wana sababu. Mtoto wa miaka kumi na miwili analala kwao, na mzazi hauzi mbuzi kulipia bweni. Wengine wanauliza maabara iko wapi. Bango jipya langoni halijibu swali hilo.

Nionavyo, tunabishana mno kuhusu majengo, ilhali mzigo umemlemea mwalimu. Aliyesomea Hisabati na Fizikia anakuta ratiba imempa Kilimo pia, kwa kuwa wenzake wa ngazi hiyo ni wawili tu. Masomo yalipunguzwa hadi tisa mwaka 2024. Ni afueni, lakini tisa kwa walimu watatu bado ni mengi. Mwaka huohuo walimu wanagenzi waligoma wakidai ajira ya kudumu, na vipindi vikapotea.

Shule yenye walimu wa kutosha haifanani na yenye walimu watatu, hata kama zimo katika wadi moja. Kwa hiyo mzazi anayesifu na anayelaumu huenda wote wanasema kweli.

Mkutano ujao wa wazazi, ulizeni: somo la Sayansi Jumuishi linafundishwa na nani, naye alisomea nini chuoni?